Msafiri Asiyeshuka Njiani

Vitabu vya safari za treni ni vingi, na vingi vimeandikwa na watu wanaojua kuandika. Hata hivyo mtu wa Njombe anayetaka kupanda treni Makambako akaizunguke Zambia mji kwa mji, akivisoma ili vimsaidie kupanga, ataona kwamba karibu vyote vinamwacha stesheni. Vinamwambia mwandishi aliona nini dirishani. Havimwambii akishuka usiku aelekee wapi, anawe wapi asubuhi, wala ni nani atakayemjibu salamu yake. Mwaka huu nimevisoma baadhi nikiwa na shabaha hiyo, na sina budi kutoa maoni yangu, kwani mwalimu hata akistaafu kalamu nyekundu haimtoki mkononi.

Shabaha yenyewe ni hii. Sisi ni wazee watatu wa hapa Ramadhani, sote tulikuwa walimu na sote tumevuka miaka sabini. Mimi niliongoza shule kwa miaka mingi, nikamalizia kazi katika chuo cha ualimu. Tumewahi kuvuka mpaka kwa ajili ya semina na kwa ajili ya msiba, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda nchi ya kigeni kwa sababu tu alitaka kuiona. Sasa tunataka kwenda Zambia kwa reli: Kasama, Mpika, Kapiri Mposhi, Ndola, Kabwe, Lusaka, na mwisho Livingstone kwenye maporomoko. Mwenzetu aliyefundisha jiografia alichora ramani. Mimi nilipewa kazi ya kusoma.

Nilianza na wa kwetu. Salim bin Abakari, Mngazija, alikuwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, na mwaka 1896 alifuatana na bwana wake hadi Urusi na Siberia. Masimulizi yake yaliingia katika mkusanyo wa Carl Velten uliochapishwa mwaka 1901, na Lyndon Harries akayatoa tena mwaka 1965 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Reli ya Siberia ilianza kujengwa mwaka 1891 na wakati ule ilikuwa bado haijakamilika, hivyo msafiri alilazimika kuchanganya treni na vyombo vingine. Fikiria, msomaji, kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita Kiswahili kilikwisha kusimulia Petersburg na Moscow! Thamani ya masimulizi haya kwangu ni kwamba aliyeandika hakuwa mwenye safari. Bwana huona mandhari. Mtumishi huhesabu masanduku na kujua chai ilipatikana wapi. Mpangaji wa safari anamhitaji huyo wa pili. Upungufu wake ni kwamba njia haikuwa yake kuichagua. Alichukuliwa.

Wa pili ni Martin Kayamba. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na wenzake wawili wa Tanganyika, Chifu Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyojadili kuziunganisha kwa karibu zaidi Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Jina hilo peke yake ni somo la uandishi. Kuna kuona na kuna kufanya, na waandishi wengi waliokuja baadaye wamebakiza la kwanza tu. Lakini Kayamba naye alikwenda kwa kazi ya serikali. Alitumwa.

Basi mmoja alichukuliwa na mwingine alitumwa. Aliyejichagulia njia mwenyewe, katika vitabu nilivyoviweka mezani, ni Mmarekani Paul Theroux. Huyu si mgeni kabisa kwetu. Alifundisha Malawi kuanzia mwaka 1963, kisha akafundisha Makerere, na mwaka 2001 akasafiri kutoka Cairo hadi Cape Town, akaandika *Dark Star Safari* kilichotoka mwaka 2002. Ndani yake amepanda treni yetu ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Nilikifungua kwa hamu, kwa kuwa njia hiyo inapita Makambako, umbali wa kilometa kama 60 tu kutoka hapa nilipo.

Theroux anaandika vizuri, na nakubali kwamba hasira yake ina sababu. Alirudi katika shule aliyofundisha Malawi, akakuta maktaba imebaki bila vitabu. Mwalimu yeyote angeumia, nami niliposoma mahali hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda. Lakini hasira inapopanda treni inakuwa dirisha bovu la kutazamia nchi. Mtu anayepita mara moja tu huona kilichoharibika, kwa sababu kilichoharibika huonekana kwa mbali. Kinachofanya kazi hakina budi kukaliwa karibu ndipo kionekane. Mama anayeuza mahindi ya kuchemsha chini ya behewa anajua treni imechelewa kwa saa ngapi, anajua kwa nini, na anajua ni abiria gani watakuwa na njaa. Yeye ni sehemu ya ratiba. Ukimtazama kutoka juu, kwa dakika ishirini, utamwona ni maskini anayekimbilia dirisha. Zaidi ya hayo, Theroux alishuka Mbeya akaelekea Malawi kwa barabara, kwa hiyo kwa mtu wa Zambia kitabu kinakoma pale anapoanza kukihitaji.

Kitabu kilichonisaidia hakikuandikwa kwa ajili ya wasafiri. Ni *Africa's Freedom Railway* cha mwanahistoria Jamie Monson, kilichotoka mwaka 2009. Sisi wa rika langu tulifundisha habari za reli hii kama habari za wakubwa: Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, shaba ya Zambia kukosa njia salama ya kutokea, mkataba wa Beijing wa mwaka 1967, ujenzi kuanza mwaka 1970, na reli ya kilometa 1,860 kukabidhiwa mwaka 1976. Nyerere, Kaunda na Mao. Mwanafunzi aliyewataja watatu hao tulimpa alama zake. Monson hayaachi hayo, lakini anakwenda mbali zaidi. Anafuata watu wanaopanda na kushuka: mkulima wa Kilombero, mfanyabiashara mdogo, magunia na vikapu vilivyoandikiwa stakabadhi za vifurushi stesheni. Kutokana na karatasi hizo zinazotupwa na wengine anaonyesha jinsi reli iliyokusudiwa kubeba shaba ilivyogeuzwa na wananchi kuwa njia yao ya kwenda sokoni na kwa jamaa.

Nina malalamiko mawili juu yake. La kwanza, uzito wake uko upande wa Tanzania; anayevuka Tunduma kwenda Nakonde hana budi kutafuta msaada mwingine. La pili ni kubwa zaidi: kitabu kinachowahusu watu hawa kiko katika lugha ambayo wengi wao hawaisomi. Hilo si kosa la Monson peke yake. Tumekuwa na vyuo vya ualimu kando ya barabara na reli hizi kwa miongo mingi, na wanafunzi wake wameandika insha ngapi kuhusu "Safari Niliyoipenda"? Nimesahihisha maelfu. Karibu zote zilianza na jogoo kuwika na kuisha na "tulifika salama". Katikati hapakuwa na bei, hapakuwa na jina la stesheni, hapakuwa na mtu.

Kutokana na usomaji huu niliwaambia wenzangu kwamba mpango wetu ulikuwa na kasoro ileile ya vitabu. Ulikuwa orodha ya majina ya miji. Miji saba kwa siku kumi na mbili! Ramani haionyeshi kusubiri, na safari ya treni kwa sehemu kubwa ni kusubiri. Haionyeshi kwamba ukivuka mpaka saa inarudi nyuma kwa saa moja, jambo dogo kwa kijana lakini lenye maana kwa mzee anayemeza dawa kwa saa. Haionyeshi kwamba TAZARA inaishia New Kapiri Mposhi, na stesheni ya Zambia Railways katika mji huohuo ni nyingine. Anayetaka kuendelea kusini au kwenda Ndola na Kitwe huteremsha mizigo yake na kuhama. Kutoka hapo hadi Lusaka ni kilometa kama 200, na kutoka Lusaka hadi Livingstone ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Mtanzania hahitaji viza kwa matembezi ya Zambia, lakini pasi huhitaji, na kwacha huhitaji, na mtu wa kumpokea huhitaji zaidi ya vyote viwili.

Tena treni ya abiria ya TAZARA, katika miaka hii, imekuwa na vipindi vya kusimama na kurudi. Septemba 2025 ulitiwa saini mjini Lusaka mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wa kuikarabati reli na kuiendesha kwa miaka 30. Reli inayofanyiwa ukarabati si ya kupangiwa kwa kitabu cha mwaka 2002, wala kwa kumbukumbu zetu za mwaka 1980. Hupangiwa kwa kwenda Makambako kuuliza, na kuuliza tena wiki ya kuondoka, huku nauli ya basi ikiwa imewekwa kando.

Mwenzetu wa jiografia hakukubali kirahisi, na hoja yake naiandika kwa sababu ni nzito. Alisema, "Mwalimu, wewe unasema tushuke na kukaa. Kijana anaweza kukaa, maana atarudi tena. Sisi tumebakiza safari moja. Kwa nini tuitumie kunywa chai Mpika?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba ushauri wa kwenda polepole aghalabu hutolewa na watu wenye muda wa kurudi. Lakini nilimwuliza: katika miji yote aliyowahi kupita kwa basi usiku akienda semina, ni mingapi anaweza kuifundisha? Alifikiri akasema hakuna. Basi kama ni safari moja, hiyo ndiyo sababu ya kutoitumia kupita tu. Mpika si chai peke yake; ndiko iliko karakana kubwa ya TAZARA, na mwenzetu wa tatu ana mwanafunzi wake wa zamani aliyehamia huko na familia. Kabwe, iliyoitwa Broken Hill, ndiko wachimba migodi walikofukua mwaka 1921 lile fuvu la mtu wa kale ambalo mimi nimelifundisha darasani kwa picha tu. Nimelitaja mbele ya wanafunzi wengi kiasi kwamba ni aibu nife bila kulikanyaga shimo lake, ingawa fuvu lenyewe lilipelekwa London.

Tulipatana hivi: Mpika siku tatu, Kabwe siku mbili, Lusaka usiku mmoja wa kupumzika, Livingstone siku tatu, na siku zinazobaki ni za kusubiri, zimeandikwa hivyo hivyo katika daftari bila kuona haya. Kasama tutaiona dirishani kama Theroux. Ndola imefutwa. Mwenzetu aliifuta kwa mkono wake, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Nitasema neno la mwisho juu ya vitabu. Salim alichukuliwa, Kayamba alitumwa, Theroux alijichagulia lakini akapita. Ninachokikosa mezani kwangu ni kitabu cha Kiswahili cha mtu wa kawaida aliyejichagulia njia kwa fedha yake mwenyewe, akashuka, akasubiri, akalipa, akaandika alilipa kiasi gani. Nchi yenye reli kubwa namna hii na lugha kubwa namna hii haipaswi kuazima macho kwa wapita njia. Nimewashauri walimu vijana wa chuoni wawape wanafunzi zoezi moja: waende stesheni siku nzima, wasipande, warudi na majina matano, bei tano, na sababu moja ya treni kuchelewa. Atakayefanya hivyo vizuri ndiye ninayemtazamia aandike kitabu hicho. Hata kikiwa cha kurasa arobaini, nitakiweka rafuni mbele ya hivi nilivyovitaja.