Nani Aliyeunganisha Makundi Yale?

Siku ya madereva wa ridhaa pale Bugarama ilianza vizuri. Helmeti na matairi vilikaguliwa, ambulansi ilikuwepo na haikutumwa kubeba soda. Pongezi zao, tuendelee.

Saa tisa alasiri boza la maji ya kulaza vumbi lilikuwa bado halijarudi. Ratiba ikachelewa, mwandaaji akachanganya kundi la wanaojifunza na kundi la wenye mwendo, ili jua lisimkute hajamaliza. Vumbi lile mliliona wenyewe. Huo ulikuwa uzembe, na hesabu yake haihitaji hata kikokotoo.

IST inaachiwa mstarini, mwendo kilomita 60 kwa saa. Sekunde 15 baadaye Subaru inafuata kwa 90. Pengo ni mita 250, na kila sekunde linapungua kwa mita 8 na ushee. Baada ya nusu dakika, mita 750 tu kutoka mstarini, Subaru iko mgongoni mwa IST, ndani ya wingu ambamo hata taa za breki hazionekani. Upepo ulikuwa umelala, vumbi limening'inia. Hapo mwenye bendera ya njano ampungie nani? Wangekuwa wote wa mwendo mmoja, sekunde hizohizo 15 zingetosha. Ndiyo maana asubuhi walitengwa!

IST moja iliishia kwenye nyasi. Dereva akatoka mzima, na mwandaaji akatutazama kama mtu aliyeshinda kesi. Angekata zamu za kila kundi nusu na kurudisha sehemu ya hela, watu wangenung'unika, basi.

Halafu ule ubao wa muda. Nimeupigia kelele miaka yote: siku ya mazoezi ukibandika sekunde za watu, kila mwenye Alteza anajiona Bert Shankland. Shankland mwenyewe, dereva wetu wa Tanzania, alichukua Safari Rally ya 1966 na ya 1967 kwa Peugeot 404, gari la kupelekea watoto shule. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakafika 7, na mbele yao alikuwa Nick Nowicki, naye na 404. Wazee wale walijua kulitunza gari hadi mwisho wa njia.

Kabla ya kulipia siku nyingine, muulize mwandaaji boza likichelewa atafanyaje. Akikwambia ili msichelewe mtabanana tu, hela ibaki mfukoni.