Kumbikumbi Hatabiri: Maoni Kuhusu Nadharia ya Rosen

Mwaka 1985 Robert Rosen, mwanabiolojia wa nadharia wa Marekani, alichapisha Anticipatory Systems, kitabu kinachochunguza jinsi viumbe hai wanavyotenda kabla tukio halijafika. Wanafunzi wetu wanapokieleza kwa Kiswahili, neno la kwanza wanaloandika ni "utabiri". Hapo ndipo ugomvi wangu nao unapoanzia, na kwa kiasi fulani na Rosen mwenyewe.

Hoja yake ni hii. Jokofu huanza kupoza joto likishazidi. Hungoja kosa ndipo lirekebishe. Kiumbe hai, kwa maelezo ya Rosen, hubeba ndani yake kielelezo cha mazingira, na kielelezo hicho huutangulia wakati. Hivyo kiumbe hubadilika leo kwa ajili ya hali ya kesho. Hoja hiyo naikubali. Ila kitabu kimesheheni hisabati, na uzito wake uko kwenye muundo wa kielelezo kuliko historia yake. Kielelezo kilitoka wapi?

Sisi wa Busia na Tororo jibu tunalikanyaga kila siku: kichuguu. Mchwa hulea kumbikumbi wenye mabawa ardhi ingali kavu, mvua haijanyesha. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuruka. Lakini kumbikumbi waliotoka wakati wa kiangazi walikauka, au walishindwa kuchimba udongo mgumu, wakafa bila kuacha kizazi. Waliotoka na mvua ndio waliozaa. Kielelezo basi ni urithi wa waliosalia, wala hakuna aliyekitunga kwa kujua yajayo.

Ushahidi ni ule mtego wetu wa zamani. Watu husimika fito juu ya matundu ya kichuguu, wakazifunika kwa majani au blanketi, wakachimba kishimo cha kunasia, kisha wakagonga vijiti juu ya gogo kwa haraka. Wazee hueleza kwamba mlio huo huiga mvua. Kumbikumbi hutoka, wakaishia kwenye kikaango. Mtabiri angeuliza kwanza mawingu yako wapi! Kumbikumbi huitikia ishara tu, kwa kuwa kwa vizazi vingi ishara hiyo na mvua vilikuja pamoja. Rosen anakiri kwamba kielelezo huweza kuachana na uhalisi. Kwa maoni yangu, angekaa hapo zaidi.

Turudi kwenye istilahi. "Utabiri" una mtabiri, mtu ajuaye na kusema. "Matarajio" yana moyo unaotumaini. Mwalimu akiandika ubaoni "mchwa hutabiri mvua", amepotosha Kiswahili na biolojia kwa sentensi moja, na darasa zima litanakili. Napendekeza "mfumo wa kujiandaa mapema", ingawa najua wenzangu wa isimu watanung'unika kwamba ni maelezo, si istilahi. Aliye na neno fupi alilete idarani. Kwa sasa, nikisahihisha insha sitakata alama kwa urefu wa maneno. Nitakata kwa mchwa mwenye elimu ya nyota.