Ugomvi wa Ndugu Hautoshi: Vitabu Vitatu juu ya Kuanguka kwa Dola ya Zanzibar

Katika vikao vyetu vya Jeddah na Riyadh, familia zilizotoka Unguja na Pemba zinapokutana na kahawa ikazunguka, swali la kwa nini dola ya Mabusaidi ilianguka huwa na majibu mawili. Wapo wanaosema Mwingereza alitunyang'anya. Wapo wanaosema ndugu waligombana, mgeni akapata mlango. Tumelelewa juu ya majibu haya, na kila moja lina ukweli wake. Lakini mwaka huu tulijipangia kusoma pamoja vitabu vitatu ambavyo wengi wetu huvitaja zaidi ya kuvisoma, na tumetoka na mashaka juu ya majibu yote mawili, hasa hilo la pili.

Cha kwanza ni *Juhaynat al-Akhbar fi Tarikh Zinjibar* cha Sheikh Said bin Ali al-Mughairi. Kwetu hiki ni kitabu cha nyumbani. Anayetafuta nasaba ya wazee wake huanzia hapo. Ila mpangilio wake humfuata sultani baada ya sultani, na historia iliyopangwa kwa viti vya enzi humzoesha msomaji kutafuta sababu zote katika tabia za waliovikalia.

Cha pili ni kumbukumbu za Bibi Salme binti Said, zilizochapwa Berlin kwa Kijerumani mwaka 1886. Hakuna aliyeujua ugomvi ule kwa karibu kama yeye. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alifariki baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Maskati. Majid akashika Zanzibar, Thuwaini akashika Maskati, na mwaka 1859 Barghash akamuasi Majid. Salme, msichana wa miaka 15 hivi aliyejifunza kuandika, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Kurasa hizo zina majuto ya kweli. Lakini mwaka 1885 Salme alirudi Unguja ndani ya meli za Wajerumani, akidai urithi wake, wakati Berlin ikimbana Barghash kwa sababu zake yenyewe. Binti aliyedhulumiwa amegeuzwa silaha, na hilo msomaji inambidi alione mwenyewe.

Sasa tuliulize jibu la ugomvi swali moja, tukiwa hapa tulipo. Imam Faisal bin Turki alifariki Riyadh mwaka 1865, miaka 9 tu baada ya Sayyid Said. Wanawe Abdullah na Saud walipigana kwa miaka mingi na kwa ukali kuliko Majid na Barghash. Mwaka 1891, baada ya vita vya Mulayda, Riyadh ikabaki mikononi mwa Ibn Rashid wa Hail, na Imam Abdulrahman akatoka na familia yake. Hata hivyo mwaka 1902 mwanawe Abdulaziz aliichukua tena Riyadh. Ugomvi uliiangusha dola, na dola ikarudi kwa nyumba ileile.

Zanzibar mambo yalikwenda kinyume. Barghash alirudishwa kutoka uhamishoni Bombay, na mwaka 1870 Majid alipofariki akashika kiti bila vita. Alitawala miaka 18. Nyumba ilikuwa imetulia, na ni katika utulivu huo bara na pwani vilipotoka mikononi. Kwa hiyo ugomvi wa ndugu hautoshi kuwa sababu.

Kitabu cha tatu kinatusaidia hapa: *Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar* cha Profesa Abdul Sheriff, cha mwaka 1987. Si kitabu chepesi, na wazee wawili katika kikao chetu hawakukipenda hata kidogo. Lakini kinatazama mfuko, si kiti. Dola ya Sayyid Said ilisimama juu ya forodha, na forodha haikutozwa na watu wa sultani. Ilikodishwa. Kwa miaka mingi mkodishaji alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kutch, ambao pia ndio waliomkopesha sultani. Mkopeshaji huyo hakuwa raia wa sultani. Waingereza walimhesabu kuwa chini ya ulinzi wao. Mwaka 1860 Balozi Rigby aliwalazimisha Wahindi wa Zanzibar kuwaacha huru watumwa wao. Amri ilitoka kwa balozi, si kwa Majid.

Wakazi wa Jeddah wanaijua habari inayofanana na hii. Mwaka 1858 palitokea mzozo juu ya bendera ya meli iitwayo *Irani*: mwenyewe aliiweka chini ya bendera ya Kiosmani, nahodha wa manowari ya Kiingereza *Cyclops* akaishusha. Mji ukachafuka, mabalozi wa Uingereza na Ufaransa wakauawa, na mwezi uliofuata *Cyclops* ikaupiga mji kwa mizinga. Swali lilikuwa lilelile: huyu mfanyabiashara ni raia wa nani? Tofauti ni kwamba nyuma ya Jeddah palikuwa na Istanbul. Nyuma ya Unguja palikuwa na daftari la madeni.

Yaliyofuata yanajulikana, tuyapitie upesi. Mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning uliitenga Zanzibar na Maskati kwa malipo ya riale 40,000 kila mwaka. (Maskati nayo ilikuwa ikilipa Riyadh, jambo ambalo vikao vyetu hulisahau.) Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja meli za sultani. Mwaka 1873 soko la watumwa likafungwa. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikamwachia Barghash visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10, kwa mapatano ambayo hakuyakalia.

Tunalotaka kuongeza sisi ni dogo. Tazameni ukanda huo uliondokaje. Mwaka 1887 sehemu ya kaskazini ilikodishwa kwa Waingereza, na mwaka 1888 ya kusini kwa kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1890 Ujerumani ikainunua hiyo ya kusini kwa mark milioni 4. Ni kodi, kisha bei. Dola iliyozoea kukodisha forodha yake iliishia kukodisha nchi yenyewe, na huenda mwanzoni haikuona tofauti kubwa. Walioiona ni watu wa Pangani na Saadani, waliosimama na Abushiri bin Salim na Bwana Heri mwaka 1888. Sultani hakuwa upande wao.

Kuna jambo ambalo vitabu hivi havilitoshelezi, na vikao vyetu bado zaidi. Karafuu tunazozisifia zilichumwa na watumwa. Sheriff anawahesabu, Salme anawatetea mabwana zao, na sisi tunaruka. Agosti 27, 1896, jumba la Sayyid Khalid lilipopigwa kwa dakika zisizofika 40, kiasi cha watu 500 waliuawa au kujeruhiwa, na miongoni mwa waliokuwa ndani walikuwamo watumwa na watumishi wa jumba. Majina yao hatukuyapata popote.

Kikao cha mwisho kilikuwa Riyadh. Mmoja wetu alileta wasia wa babu wa bibi yake, wa Pemba, kwa mwandiko mzuri wa Kiarabu: mikarafuu, nyumba ya mawe, deni kwa Baniani, kisha majina 7 yasiyo na jina la baba. Aliyekuwa akisoma kwa sauti alifika pale akanyamaza, kisha akaendelea kutoka mstari uliofuata. Tumeiomba familia iruhusu wasia huo uchapwe katika jarida hili ukiwa mzima. Bado hawajatujibu.