Pepo Mbili

Nina leso moja ambayo huvuka bahari mara mbili kwa mwaka. Ni ya zambarau, imefifia pindoni, na kazi yake ni kufunika egemeo la kiti ninachokalia nikisikiliza watu. Viti vyenyewe ni viwili: kimoja kiko Ganjoni, Mombasa, juu ya duka la vipuri vya magari, kingine kiko Leicester, Uingereza, katika chumba ninachokikodi kwa saa. Mteja niliyemwacha upande mmoja, akinipigia simu ya video nikiwa upande wa pili, anaiona leso ileile nyuma ya mabega yangu.

Huikunja maandishi yakaingia ndani. Mtu wa pwani haulizi kwa nini. Leso husema, tena kwa mafumbo, na sitaki kiti changu kitangulie kunena. Siku moja niliikunja kwa pupa, maneno mawili yakachungulia. Mama mmoja wa Kibokoni alinyamaza katikati ya habari yake, akasogeza uso hadi ukajaa kwenye kioo cha simu. "Hilo umeniwekea mimi?" Ameniruhusu nisimulie hili. Kumbe miaka kumi alikuwa akisemeshana na wifi zake kwa leso, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kwa kinywa. Nusu saa ile sikuijutia.

London kuna nyumba ya makumbusho, mtaa wa Maresfield Gardens, ambako limewekwa kochi la Sigmund Freud. Alitoka Vienna mwaka 1938 akiwa mzee wa miaka 82, akiwakimbia Wanazi, na kochi likamfuata, pamoja na zulia la Iran lililolifunika. Alipopona misukosuko ya safari aliendelea kuwapokea wagonjwa wachache juu yake, hadi karibu na kifo chake mwaka uliofuata. Nililitazama kwa muda mrefu. Nadharia zake nyingi sizishiki, lakini na lile kochi tulielewana.

Mwaka wangu unafuata pepo. Novemba, kaskazi ikianza kuvuma, niko Mombasa kwa mama yangu. Aprili, kusi ikiingia na masika yake, nakwenda Leicester kwa wanangu. Ndiyo ratiba ya manahodha wa Oman na Ghuba, walioshuka na kaskazi wakiwa na tende na samaki wa chumvi, wakarudi na kusi wakiwa na boriti za mikoko. Wengine walikuwa na mke huku na mke kule. Nyimbo na sifa zote ni za aliyekuwa chomboni. Mwanamke aliyebaki akihesabu miezi, habari zake zimeishia jikoni. Nikifunga sanduku mwezi wa Machi humwaza yeye, maana mimi sasa ndiye nahodha.

Watu hudhani kazi hii ni ya kutoa ushauri. Jina limetuponza: mshauri nasaha, ushauri juu ya nasaha, kana kwamba anayepanda ngazi zangu hakupewa mawaidha ya kutosha na shangazi zake. Amepewa mpaka yamemwagika. Mimi zaidi hungoja. Salamu yetu yenyewe ni mlango uliofungwa kwa adabu. Hujambo? Sijambo. Yaani sina jambo. Mtu amevuka feri ya Likoni juani, amelipa kwa M-Pesa tangu jana yake, kwa sababu ana jambo, na neno lake la kwanza ni kwamba hana. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Watoto? Wazima. Kazi? Nzuri tu. Hapo kwenye "tu" ndipo mimi hukaa wima. Baada ya "tu" huja kimya, na baada ya kimya, mtu asipokivunja, huja "ila". Ufundi wote, kwa ninavyouona mimi baada ya miaka kumi na mitano, ni kukaa bila kugusa kile kimya mpaka "ila" ifike kwa miguu yake. Mwanafunzi wangu mmoja alihesabu sekunde kimoyomoyo asije akasema. Alikiri kwangu kwamba alifika 41 kisha akauliza hali ya hewa.

Leicester wana milango yao. Huu ndio mji ambao baraza lake, mwaka 1972, lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi Waasia waliofukuzwa na Idi Amin wasije. Nao wakaja, wakaujaza maduka. Baadhi yao sasa ni wazee sana, na Kiswahili chao ni cha utotoni, cha jikoni na uwanjani. Watanieleza maisha yao yote kwa Kiingereza kilichonyooka, kisha wafike mahali waseme "uchungu" na wasitafsiri. Wala mimi siwaombi. Neno lile ni la kahawa, la uzazi na la msiba, na sijui ni kidirisha gani cha Kiingereza kingeliingiza lote.

Wala kazi hii ya kusikiliza hatukuianza sisi wenye vyeti. Bibi harusi wa pwani alikuwa na somo wake, mwanamke wa kumwambia yasiyosemeka kwa mama mzazi. Harare, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewaketisha bibi wa mitaani kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, wakafunzwa kusikiliza, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa nao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ugonjwa wenyewe Washona huuita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mswahili akilisikia atadhani ni kufunga kitu kwa nguvu mno. Hatakuwa amekosea sana.

Mambo ya sheria nayasema upesi, maana hayana ladha. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Uingereza, ajabu, yeyote anaweza kujiita mshauri nasaha na sheria isimguse. Vyama vya kitaaluma ndivyo vinavyochuja, na changu kinataka niketi na msimamizi wangu angalau saa moja na nusu kila mwezi. Siku zangu nazihesabu kwa kidole, kwa kuwa ukifikisha 183 kwa mwaka katika nchi moja, watu wa kodi wanakuita mkazi. Mteja akienda Marekani kumtembelea dada yake tunasimama hadi arudi: huko kila jimbo lina leseni yake, na kinachoangaliwa ni mahali alipoketi mteja. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwenye video ni lilelile la kila simu ya Kenya: uko wapi? Lazima nijue, ili likitokea la kutokea nijue msaada uende wapi. Niko garini, nimeegesha nyuma ya msikiti. Niko bafuni, nimefungulia bomba wakwe wasisikie.

Na saa, jamani. Kijana mmoja aliyezaliwa Leicester, Kiswahili cha kuokotea kwa mama, aliniandikia "saa tatu kesho". Nilimngoja saa tatu asubuhi, dakika 50 nzima. Alitokea saa tisa alasiri, akishangaa mlango umefungwa. Tangu hapo naandika tarakimu, tena na jina la mji.

Lakini sehemu ya kazi hii ninayoiheshimu kuliko zote ni kuaga. Mwaka wangu wa kwanza wa kugawanya miezi niliondoka vibaya: mtoto aliugua, nikapanda ndege, nikatuma ujumbe mmoja kwa wote. Kuna aliyenijibu "sawa" na sijamwona tena. Sasa natoa tarehe ya kuondoka na ya kurudi wiki nane kabla, na jina la mwenzangu atakayekuwapo. Wengi wanaonijia waliachwa bila kuagwa. Mama alikwenda Saudia kufanya kazi za ndani, simu ikazimika. Baba alifariki, mtoto akaambiwa amesafiri. Nikitamka tarehe, chumba hubadilika. Wapo wanaoacha kuja kabla sijaenda, wakinitangulia mlangoni. Hao huwaandikia kwamba nafasi yao ipo, kisha saa yao ikifika hufungua mlango, huikunja leso, na kukaa nikikitazama kiti kitupu mpaka muda uishe.

Bwana mmoja wa makamo, ambaye amekubali nimtaje hivi tu, alikuja kwa sababu hajui kukataa. Akiombwa mkopo anatoa, akiletewa zamu ya mwenzake anafanya, akiuziwa samaki aliyelala ananunua. Nilipompa tarehe alisema, "Haina neno, daktari." Mimi si daktari, nimechoka kusahihisha. Wiki ya tatu bado haina neno. Wiki ya sita alikaa kimya muda mrefu, miguu ikigusagusa sakafu, kisha akasema, "Ila naona umenikosea. Unamfungua mtu, halafu unaenda zako." Nikamwambia nimesikia. Moyoni nilitamani kupiga vigelegele.

Siku ya mwisho alisimama dakika ikiwa ya 50, lakini hakutoka. Akasema kwao mgeni husindikizwa, na leo anayesafiri ni mimi. Waliokufunza Uingereza watakwambia mteja huishia mlangoni. Nilichukua mkoba, nikafunga chumba, tukashuka ngazi pamoja, yeye mbele, hadi barabarani penye tuktuk. Dereva alinitazama, akatazama mkoba, akasema mia tatu.

"Mia tatu ya wapi?" bwana yule akamuuliza, mkono ameushika mlango. "Hapo Tudor? Mia na hamsini, na usimzungushe."