Mgeni wa Mgeni

Katika viwanja vikubwa vya ndege kuna vyumba ambavyo abiria wengi hupita mbele yake bila kujua kuna nini ndani. Mlango ni wa kioo kizito, maandishi yake ni machache, na nyuma ya meza ndogo amekaa dada nadhifu mwenye tabasamu la kazi. Ndani kuna viti vya kunyooshea miguu, magazeti, chai na kahawa, meza ya chakula cha kujipakulia, na pengine hata mabafu ya kuogea. Vijana huviita launji, nami nitatumia neno lao, maana ndilo linalosikika. Ninachotaka kukipima hapa si viti wala chai. Ni sheria ya mlangoni: nani aweza kuingia, na aweza kumwingiza nani.

Desturi hii si ya jana. Shirika la American Airlines lilifungua launji yake ya kwanza, Admirals Club, mwaka 1939 katika uwanja wa LaGuardia, New York, na siku zile mtu aliingia kwa kualikwa na wenye shirika. Baadaye uanachama ukawa wa kununuliwa, kisha ukaja utaratibu wa kuwatunza wasafiri wa mara kwa mara kwa kuwapa kadi zenye daraja. Mashirika yalipoanza kuungana, Star Alliance mwaka 1997, oneworld mwaka 1999 na SkyTeam mwaka 2000, kadi ya shirika moja ikawa inafungua milango ya mengine. Mambo haya yametufikia na sisi. Kenya Airways ni mwanachama kamili wa SkyTeam tangu 2010, Ethiopian Airlines iliingia Star Alliance Desemba 2011, na Qatar Airways iliingia oneworld mwaka 2013. Mtanzania au Mkenya anayebadilisha ndege Nairobi, Addis Ababa au Doha anapita karibu na milango hiyo, awe anaijua au haijui.

Sheria yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Mwenye kadi ya dhahabu ya Star Alliance anaruhusiwa kuingia na mgeni mmoja. Mgeni huyo lazima naye awe anasafiri kwa ndege ya muungano huohuo, na lazima aingie pamoja na mwenye kadi. Huko oneworld mambo hayana tofauti kubwa. Lakini mtu aliyekata tiketi ya daraja la biashara, asiwe na kadi, huingia peke yake, mgeni hana. Kwa hiyo yawezekana bwana aliyelipa fedha nyingi akaambiwa amwache mwenzake nje, na kijana wa tiketi rahisi, kwa kuwa ana kadi, akapita na rafiki yake wakicheka. Wengi hulalamikia jambo hili. Mimi naliona lina mantiki yake: tiketi ni malipo ya safari moja, kadi ni shukrani ya safari nyingi, na si ajabu shukrani ikawa na ukarimu kuliko malipo.

Linalonisumbua ni neno lenyewe, mgeni. Kwetu mgeni ana mwenyeji, na mwenyeji ana nyumba. Pale launji mwenye kadi hana nyumba. Yeye mwenyewe amekaribishwa. Basi anayemwingiza ni mgeni wa mgeni, na mgeni wa mgeni ni mtu mwenye mashaka kila mahali duniani. Hana wa kumdai chai. Akifanya kosa, aibu ni ya aliyemleta. Na idadi yake haipangwi na anayemwalika bali na mwenye nyumba, ambaye hayupo, aliyeacha karatasi kwa dada wa mlangoni.

Nilikutana na karatasi hiyo mwaka 2018. Binti yetu, ambaye kazi yake humrusha huku na huko, alikuwa anarudi nasi nyumbani kutoka Ulaya tulikokuwa tumemtembelea. Ndege yetu ya kuunganisha ilichelewa, tukawa na saa sita za kungoja katika uwanja nisioutaja. Binti akasema, kwa furaha ya mtoto anayetaka kuwatendea wazazi wake, "Baba, Mama, twendeni mkapumzike." Tulipofika mlangoni dada yule akatazama kadi, akatazama kadi zetu za kupandia ndege, kisha akatuhesabu kwa macho. Mgeni mmoja, alisema. Binti akaomba alipie wa pili. Akaambiwa siku hiyo hawauzi nafasi, pamejaa. Basi akasema yeye atabaki nje, sisi wawili tuingie. Haiwezekani pia, kwa sababu mgeni haingii bila mwenye kadi. Kwa hiyo hesabu ikabakia mbili tu: binti na baba, au binti na mama.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na nilikuwa nikiwaambia kwamba sheria huonekana ubaya au uzuri wake katika mfano mgumu, si katika mfano rahisi. Huu ulikuwa mfano mgumu. Tena uligeuka kichekesho, maana wakati tumesimama pale alikuja bwana mmoja wa makamo, peke yake, na kadi yake mkononi. Binti akaninong'oneza kwamba tukimwomba, bwana yule anaweza kumwingiza mama kama mgeni wake. Na kweli anaweza! Sheria haimuulizi mwenye kadi huyu ni nani wako. Inauliza tiketi yake tu. Nasikia wako wasafiri ambao husimama karibu na milango hiyo wakiomba wageni wasiowajua wawaingize, na mara nyingi hufanikiwa. Mke wangu aliposikia mpango huo alisema, "Mwalimu, mimi niingie na mwanaume nisiyemjua, na wewe umesimama hapa unaniangalia?" Tukacheka wote, hata binti. Kisha akasema miguu yake haimsumbui, atakaa pale kwenye viti vya nje na kulinda mizigo, sisi twende.

Tulikwenda. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika wazi, maana ni rahisi kuilaumu karatasi ya mlangoni. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na mke wangu alisema twende. Mwanamke wa rika lake akisema nenda, mwanamume aliyeishi naye tangu 1974 anapaswa kujua kama ni ruhusa au ni adabu. Nilijua. Nikaingia.

Sasa nirudi kwenye sheria. Mashirika yanaweza kuandika vizuri zaidi, na mengine yameandika. Mwanachama wa Admirals Club ana hiari ya kuingia na wageni hadi wawili, au badala yake na mwenzi wake wa ndoa na watoto wao walio chini ya miaka 18. Hapo angalau mwandishi wa sheria amekumbuka kwamba watu husafiri kama nyumba, si kama vichwa. Hata hivyo tazama jinsi nyumba hiyo ilivyochorwa: inashuka kwa watoto, haipandi kwa wazazi. Mama mzazi wa mwenye kadi ni mgeni sawa na mtu aliyekutana naye kwenye foleni. Kwa utaratibu ule sisi wawili tungepita, lakini tungepita kama wageni wawili wowote. Simlaumu mwandishi; ameandika familia anayoiona kwake. Lakini viwanja vya Addis Ababa, Doha na Nairobi vimejaa vijana wanaosafiri na wazee wao kwenda matibabu, kwenda Hija, kwenda kumwona mjukuu, na sheria inayotumika huko haijawaona.

Upande mwingine mambo yamezidi kubanwa. Launji za Centurion za American Express zilianza Las Vegas mwaka 2013, na kwa muda mwenye kadi ya Platinum aliingia na wageni wawili bila malipo. Zikajaa. Tangu tarehe 1 Februari 2023, mwenye kadi hiyo ya Marekani hulipa dola 50 kwa kila mgeni, na dola 30 kwa mtoto wa miaka 2 hadi 17, isipokuwa awe ametumia dola 75,000 kwa kadi hiyo katika mwaka. Wengine wameita huo ni uchoyo. Mimi nauona ni ukweli zaidi kuliko tabasamu la mwanzo. Bei ikiandikwa ukutani, mtu anajua kabla ya kufunga sanduku, na hakuna anayeaibishwa mbele ya wazazi wake. Hilo la dola 75,000 ndilo linanichekesha kidogo, kwamba mkeo atakuwa mgeni wa bure ukishanunua vitu vya kujaza duka.

Kabla hatujawacheka wenzetu, tukumbuke kadi zetu za harusi. Mtu akichangia kiasi fulani hupewa kadi ya mtu mmoja, akizidisha hupewa ya wawili, na imeandikwa hivyo waziwazi juu ya karatasi ya kung'aa. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi zaidi ya mara tano. Nimesimama mlangoni mwa ukumbi nikamwona jirani yangu, kadi yake ya mmoja, amekuja na mkewe aliyesuka nywele vizuri na kuvaa kitenge kipya, nami nikawaambia vijana wa mlangoni utaratibu ni utaratibu. Sahani zilikuwa zimehesabiwa, hilo ni kweli. Mama yule alirudi nyumbani kwa bodaboda. Miaka ile niliona nimetenda haki.

Tofauti ninayoiona ni moja. Kadi ya harusi hufika nyumbani wiki mbili kabla, na mtu akitaka kuisoma ataisoma. Sheria ya launji humkuta mtu mlangoni, na nyuma yake watu wamesimama. Inamlazimisha mwenyeji achague kati ya watu wake kwa dakika moja, mbele ya wageni, na kila mmoja akijifanya hajali. Nafasi ikiwa ndogo, isemwe kwamba ni ndogo. Lakini isemwe mapema, kwa maandishi makubwa, siku tiketi inaponunuliwa. Na mwenye kadi naye ana wajibu wake: aulize kabla hajawaambia watu twendeni. Binti yangu alikuwa ameshawahi kumwingiza rafiki mmoja mmoja mara nyingi, hajapata kuwa na wawili. Hakujua, na sikumlaumu.

Kuhusu adabu za humo ndani nitasema kidogo tu, maana ni zilezile za bwenini. Mtu asilaze mkoba wake kwenye kiti huku wengine wamesimama. Asiongee na simu kwa sauti inayotoka nje kama redio ya kijiweni. Nilimsikia bwana mmoja akiuza kiwanja chake chote, bei na mipaka. Asipakue mlima wa chakula akauacha nusu. Asivue viatu akalala viti vitatu. Mgeni asiende kuagiza kabla ya aliyemleta kukaa. Na chakula cha humo huliwa humo, hakitiwi mkobani. Hili la mwisho lina sababu njema, maana watu wakianza kubeba, meza haitatosha, na nilikuwa nikiwaadhibu wanachuo waliotoka na mikate bwaloni.

Nilikaa humo kiasi cha dakika arobaini. Chai ilikuwa nzuri, kiti kilikuwa kizuri, binti hakuzungumza sana. Alikuwa akitazama mlango. Nilipoinuka nilichukua biskuti nne nikazifunga kwenye tishu na kuzitia mfuko wa koti. Binti aliniona akageuza uso upande wa pili, kama walivyofanya bila shaka wanachuo wangu wengi rafiki zao walipoficha mkate. Dada wa mlangoni alitutakia safari njema.

Mke wangu tulimkuta pale pale, mizigo yote mitatu imezungushwa miguuni kama ng'ombe zizini, anaongea kwa ishara na mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na mtoto mchanga. Nilimpa biskuti. Alimpa yule mama mbili, akala moja, ya nne akaifunga tena kwenye tishu ile ile. Akaniuliza kama chai yao ina maziwa. Nikamwambia maziwa unatia mwenyewe. Akasema, "Basi ungeniletea hata chai," nikamwambia chai hairuhusiwi kutoka.