Nani Aliona?

Mwanafunzi anaingia darasani na neno: barabara ya Sake imefungwa. Mwalimu hasemi ni kweli, hasemi ni uongo. Anachukua chaki, analiandika neno hilo katikati ya ubao, analizungushia duara.

“Nani amekuambia?”

“Motari, Mwalimu.”

“Yeye aliona?”

“Hapana. Aliambiwa Mushaki.”

Mshale wa kwanza unachorwa kutoka kwa mtoto hadi kwa motari, wa pili kutoka kwa motari hadi Mushaki. Mwingine anainua mkono: yeye alisikia kwa dada yake. Na dada je? Kwa jirani. Na jirani? Katika simu. Hivyo hivyo mpaka ubao umejaa mishale kama mizizi. Watoto walifika shuleni wakiwa na hakika, kwa kuwa habari ile waliisikia mara tano au sita kabla ya kengele: nyumbani, mtoni, kwa muuza mandazi. Lakini mishale ikifuatwa nyuma, yote inakwenda kuishia pamoja, kwenye odio moja ya WhatsApp isiyo na jina la msemaji wala tarehe. Midomo sita, na jicho hata moja hakuna.

Ninaliheshimu somo hili kuliko masomo mengi yenye vitabu vinene. Shule nyingi za Masisi na Walikale, huku Kivu Kaskazini, Kongo, hazina maktaba, hazina umeme, na baadhi zimehama mara kadhaa pamoja na wanafunzi wake. Kinachofika kila siku bila kukosa ni habari. Mwalimu anayejua kazi yake huifanya habari hiyo kuwa kitabu cha siku.

Ufundi wake uko katika vitu vidogo. Hamuulizi mtoto “una hakika?”, maana swali hilo linamfanya ajitetee, na anayejitetea huacha kufikiri. Anauliza “ulijuaje?”, swali ambalo mtoto anaweza kulijibu bila aibu. Hamcheki aliyeleta habari. Anamshukuru, kwa sababu bila yeye ubao ungekuwa mtupu. Na haandiki majina ya watu. Ubaoni pana “motari”, “mama wa sokoni”, “mwalimu wa shule nyingine”, basi. Katika nchi ambayo vikundi vyenye silaha vinapita na kurudi, jina la mtu lililobaki ubaoni jioni linaweza kufika mahali pabaya. Hii nayo ni sehemu ya elimu ya habari, na sijaiona ikipewa nafasi inayostahili katika miongozo inayoandikwa mbali na huku.

Kisha linakuja swali ambalo kwangu ndilo kiini cha somo: tukitaka kujua kabla ya saa sita, tumwulize nani? Watoto wanafikiri. Dereva wa lori aliyetoka Sake leo asubuhi. Muuguzi wa kituo cha afya, ambaye ana fonia. Mama anayeuza maharagwe na ambaye hurudi saa nne. Mwalimu anawaongoza kuchagua wawili ambao hawajazungumza wenyewe kwa wenyewe, kwa maana mashahidi wawili waliokula asubuhi pamoja ni shahidi mmoja.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwachunguza watu 45 wakisoma kurasa za intaneti: wanahistoria 10 wenye shahada za juu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Waliofanya vizuri walikuwa wahakiki. Mbinu yao ilikuwa rahisi: hawakukaa kwenye ukurasa waliopewa. Waliuacha haraka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza watu wengine wanasema nini juu ya hao walioandika. Wanahistoria wengi na wanafunzi walibaki palepale wakipima uzuri wa nembo na lugha. Mtoto wa Masisi anayekwenda kumngoja mama wa maharagwe anafanya kazi ileile ya wahakiki. Mega za intaneti ni ghali na mtandao unakuja na kupotea, kwa hiyo anaifanya kwa miguu. Siioni kuwa ni pungufu hata kidogo, kwa kuwa yeye anamwona shahidi usoni na anaweza kumuuliza swali la pili.

Walikale ilipata mfano ambao mwalimu yeyote wa huko anaweza kuutumia miaka mingi. Tarehe 19 Machi 2025 wapiganaji wa kundi la M23 waliingia Walikale-centre. Tarehe 22 walitangaza kwamba wataondoka. Tangazo hilo lilikuwa la kweli kwa maana moja: lilitolewa, lilikuwa na tarehe, lilikuwa na mwenyewe, na redio za dunia zililisoma. Lakini waliondoka mwanzoni mwa Aprili. Kwa familia iliyokimbilia porini na ikalisikia tangazo lile kupitia redio ndogo, tofauti kati ya “wataondoka” na “wameondoka” ilikuwa ni kurudi nyumbani au kungoja. Mwanafunzi aliyefundishwa kuitazama komunike na kuuliza inaeleza kilichofanyika au kinachoahidiwa, nani aliitoa na alitaka nini, amepewa kitu cha kutumia siku hiyohiyo.

Lakini kuna hatari katika somo hili, na mafundi wake wanaijua. Mtoto anayeonyeshwa uongo kila siku hujifunza kwamba hakuna kinachoaminika. Kivu Kaskazini imeshaona hilo linagharimu nini. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck waliwahoji watu wazima 961 huko Beni na Butembo mwezi uliofuata, na karibu robo yao hawakuamini kwamba ugonjwa upo. Waliokuwa na imani hiyo walikuwa wepesi zaidi kukataa chanjo. Agosti 2019 ugonjwa ulifika Pinga, ndani ya Walikale. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Kutokuamini kulikuwa na sababu zake: watu walioachwa wauawe miaka mingi waliona magari mengi na pesa nyingi zikija kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wakauliza kwa nini. Lilikuwa swali halali. Waliyemkosa ni mtu wa kuwasaidia kulifikisha mwisho wake.

Kwa hiyo mwalimu mzuri hupanga siku zake. Akileta leo odio ya uongo, kesho ataleta habari ambayo mishale yake inaishia kwa watu watatu walioona, kila mmoja mahali pake. Darasa linaifuata, linafika mwisho, linagundua kwamba ni kweli, na mwalimu anaipigia mstari kwa chaki ya rangi. Mtoto anahitaji kuonja mara nyingi furaha ya kuthibitisha. Hapo anajifunza kwamba kuuliza ni njia ya kufikia kuamini, na kwamba muuguzi wa kituo cha afya akisema jambo analolijua, neno lake lina uzito ambao odio haina.

Kama kuna anayedhani watoto wa shule ya msingi ni wadogo mno kwa kazi hii, atazame Uganda. Mwaka 2016 watafiti, miongoni mwao Allen Nsangi na Daniel Semakula wa Makerere, walipeleka kitabu cha hadithi za picha katika shule za msingi za katikati ya nchi ili kuwafundisha watoto wa darasa la tano kupima madai ya tiba: nani kasema dawa hii inaponya, na alilinganisha na nini? Shule 120 ziliingia katika jaribio, na watoto zaidi ya 10,000. Mwisho wa muhula, watoto 69 kwa kila 100 waliofundishwa walifaulu mtihani. Katika shule ambazo hazikufundishwa walifaulu 27. Walimu walikuwa walewale wa kawaida, madarasa yalikuwa yamejaa, na masomo yenyewe yalikuwa tisa tu.

Lipo eneo moja ambalo mwalimu wa Masisi hulikaribia mwishoni, baada ya bei ya maharagwe, barabara na dawa. Nalo ni historia. Darasa lake lina watoto Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Watembo, na kila nyumba ina masimulizi yake juu ya nani alikuja lini na nani alianza kuua. Baadhi ya mambo yana maandishi: utawala wa Wabelgiji uliwaleta Wanyarwanda Masisi kwa mpango rasmi kati ya 1937 na 1955, na wengine walikuwako kabla ya mpango huo. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Mwalimu hawezi kumwambia mtoto kwamba nyanya yake ni mwongo, na hapaswi. Anachoweza ni kumtuma akaulize kwa adabu: Koko, hili uliliona mwenyewe, au ulisimuliwa? Ulikuwa wapi siku hiyo? Nyanya huyohuyo, akiulizwa hivyo, mara nyingi hutenganisha mwenyewe aliyoyaona na aliyoyasikia. Mtoto anarudi na safu mbili katika daftari, na safu hizo mbili zinaweza kuwekwa kando ya zile za mwenzake wa kabila lingine bila ngumi kurushwa. Hii ni kazi ya mtu mwenye moyo mkubwa. Sijui kazi nyingine ya ualimu inayodai zaidi.

Ukifika taasisi za juu, kifaa kinabadilika: sasa ni fishi, yaani kadi ya kusomea. Wanafunzi wengi wa vyuo vyetu wamesoma kwa silabusi peke yake, wameikariri, wamefaulu. Halafu unafika wakati wa kuandika kazi ya mwisho, na mwanafunzi ananakili kurasa nzima kwa sababu hakuna aliyemwonyesha namna ya kusoma akiwa na kalamu. Mhadhiri fundi humkatia kadi, nusu ya karatasi ya daftari. Juu kabisa: mwandishi, kitabu, mji, mwaka, ukurasa. Katikati: maneno ya mwandishi yenyewe, ndani ya alama za kunukuu, bila kubadilisha hata koma. Chini, baada ya mstari: maneno ya mwanafunzi, anaona nini, anakubali wapi, ana shaka gani. Mstari ule ndio wa kutazama. Juu yake ni mali ya mwingine, chini yake ni mali yako, na fishi ambayo pande hizo zimechanganyika hurudishwa iandikwe upya. Nimewaona wanafunzi wakinung'unika kwa kurudishiwa fishi moja mara kadhaa, wakisema ni karatasi tu. Siku wanapotetea kazi yao mbele ya baraza na kuulizwa “hili umelitoa wapi?”, wanafungua kasha la kadi na kujibu.

Kitabu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa Walikale akiandikie fishi ni kile cha utenzi wa Mwindo, shujaa wa Wanyanga, kilichotolewa mwaka 1969 na Chuo Kikuu cha California, kwa majina ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, Mbelgiji na Mnyanga. Maneno ya Kinyanga yamo, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Juu ya kadi mwanafunzi ataandika majina hayo mawili, na mhadhiri atamrudishia. Kwa maana mwenye simulizi ni Shé-kárisi Rureke wa kijiji cha Bese, aliyelisimulia, akaliimba na kulicheza kwa siku 12 mwaka 1956, na kitabu chenyewe kinamtaja. Kwa hiyo kadi hiyo inahitaji mstari mmoja zaidi ya nyingine: nani alisema, wapi, lini, kwa lugha gani, na nani alikuwa ameshika kalamu.