Kuweka Bikoni Mahali Pake

Kwenye miteremko ya Embu na Meru, chai juu karibu na msitu wa Mlima Kenya na kahawa chini yake, mashamba ni membamba na bado hugawanywa kila kizazi. Hapa ndipo mpimaji ardhi mwenye leseni humleta mwanagenzi wake.

Kazi huanza kwa miguu. Wawili hao huutembea mpaka pamoja na mwenye shamba na majirani, wakifuata ua wa kaiyaba na safu ya migrevilea. Shughuli ya kuunganisha vipande vya ardhi ilianza huku miaka ya 1950, na ramani nyingi za usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakiri hivyo. Kwa hiyo mwanagenzi husikiliza kwanza: ua ulipandwa na nani, njia ya zamani ilipita wapi.

Kisha husimika miguu mitatu ya chombo cha kupimia pembe, miwili upande wa chini wa mteremko, mmoja juu. Huikanyaga izame katika udongo mwekundu, hulenga timazi juu ya alama, halafu huzungusha skrubu taratibu mpaka kiputo cha pimamaji kitulie katikati. Goti likigusa mguu mmoja, kiputo huhama. Mwalimu hanyooshi mkono. "Rudia," husema, na kazi huanza upya.

Kila pembe husomwa mara mbili, mara ya pili darubini ikiwa imepinduliwa, ili kasoro za chombo zijifute. Tarakimu huandikwa kwa wino. Iliyokosewa haifutwi, hukatwa kwa mstari mmoja, na iliyo sahihi huandikwa juu yake. Mwishoni hurudi kwenye alama waliyoanzia, na hesabu hufichua tofauti iliyojikusanya njiani. Ikizidi kiwango, mwalimu haonyeshi kosa lilipo. Huketi kando, mwanagenzi akipekua daftari ukurasa kwa ukurasa mpaka alione.

Hesabu ikifunga ndipo shimo huchimbwa, na bikoni, pini ya chuma ndani ya zege, husimamishwa. Hupimwa tena kabla zege halijakauka.

Huenda mwanagenzi huyu ana shahada tayari. Lakini chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, Bodi ya Wapima Ardhi hudai pia uzoefu wa kazi chini ya msimamizi, na mitihani. Mpaka apate leseni, ramani anayoichora hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Upimaji, Nairobi, ikiwa na saini ya mwalimu wake, na usahihi wake ni jukumu la aliyetia saini. Mwalimu anayemwachia mwanafunzi nafasi ya kurudia ameweka jina lake mwenyewe rehani. Hakuna njia nyingine ya kumpata mpimaji wa kuaminiwa na majirani wawili wanaogombea mpaka mmoja.